Gemu Nilizoishia Njiani: Shajara ya Mradi

4 Januari 2025

Mpwa wangu anasoma kidato cha tatu, anakaa kwetu Mbagala. Jana baada ya chakula cha usiku akaniuliza: "Mjomba, hiyo Mario mliyokuwa mnacheza zamani, inaishaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Mario nimeicheza tangu nikiwa darasa la pili. Najua bomba lipi lina sarafu chini yake na tofali lipi linatoa uyoga. Ila mwisho wake sijawahi kuuona. Nikaanza kuhesabu. Kontra, sijamaliza. Tekken 3, hata bosi wa mwisho simjui sura. San Andreas, nimeiba magari mji mzima kwa miaka, lakini misheni nilizofanya hazifiki tano. Orodha ikarefuka mpaka ikaniudhi.

Sababu naijua. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya kuchezea gemu kwa kulipia hatukuwa tunanunua gemu, tulikuwa tunanunua dakika. Banda letu lilikuwa Ngamiani, Tanga: chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, kanga kuukuu mlangoni badala ya pazia, TV mbili, benchi moja. Mwanzoni ilikuwa shilingi 50, ukifa unampisha mwenzio. Baadaye mwenye banda akanunua saa ya ukutani, ikawa dakika 10 kwa shilingi 100. Kwa hiyo mwanzo wa kila gemu tuliujua kama Alhamdu. Mwisho tulimwachia mwenye banda, na hata yeye nina shaka naye.

Basi mradi wa mwaka huu ni huo. Nazimaliza, kwenye mashine zenyewe na siyo kwenye kompyuta. Nimebandika karatasi nyuma ya mlango: Mario, Kontra, Tekken 3, San Andreas. Mstari wa tano uko wazi, mpwa wangu atanichagulia gemu ya kisasa. Sheria ni mbili. Kodi, yaani zile namba za siri za kuichezea gemu rafu, tulizokuwa nazo wakati ule ruksa. YouTube hapana.

12 Januari

Nimeshinda Kariakoo leo. Ile tuliyokuwa tunaiita TV gemu ni nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983. Baadaye viwanda vya nakala vikaiminya mashine nzima ndani ya chipu moja na kuivalisha kila aina ya ganda. Niliyopata mimi imevalishwa ganda la PlayStation. Unafungua mfuniko ukitegemea kukuta sehemu ya CD, unakuta tundu la kaseti. Muuzaji alianzia 35,000, nikaichukua kwa 22,000 pamoja na padi mbili, bunduki ya plastiki na kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999999. Nimezihesabu. Ziko saba. Zilizobaki ni zile zile zimebadilishwa majina, au zinaanzia steji ya mbele.

Bunduki imenigharimu fedheha. Nimekaa mbele ya TV yetu bapa nikifyatulia bata wa kwenye gemu kama mtu aliyeajiriwa, hakuna hata mmoja aliyeanguka, na yule mbwa wa gemu hiyo akainuka kunicheka. Fundi wa hapa mtaani ndiye aliyenielewesha. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi sana, halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Mbele ya bunduki kuna jicho linalotazama mwanga tu. Likiuona weupe wakati huo huo, umepiga. TV ya kichogo inachora papo hapo. TV bapa inachelewa kidogo kuonyesha ilicholetewa, kwa hiyo bunduki inatazama giza na kuhesabu kwamba umekosa. Siyo macho yangu, basi. Nimeshukuru.

Kwa hiyo nimelazimika kutafuta TV ya kichogo. Jirani alikuwa nayo ndani, kaifanya meza ya chupa ya chai. Elfu kumi na tano, na nauli ya bajaji ya kuivusha mitaa miwili, maana kichogo chake kina uzito wa gunia la mkaa.

19 Januari

Kaseti haisomi. Skrini ya kijivu, mistari. Kabla akili haijafika, midomo ilishafika: nikapuliza, fuu, kama zamani. Fundi akanishika mkono. "Kaka, hayo ni mate unayaweka kwenye shaba. Yanaila." Kumbe miaka yote iliyokuwa inasaidia siyo pumzi, ni kule kuchomoa na kuchomeka tena. Amechukua pamba na spiriti akafuta pini moja moja, pamba ikatoka nyeusi kama iliyofuta sufuria la kuni. Picha ikaja.

Mpwa wangu akatazama dakika tano, akasema: "Hayo mawingu na hivi vichaka si ni kitu kimoja?" Nimeicheza gemu hii miaka thelathini sijawahi kuliona hilo. Ni kweli. Ni mchoro ule ule, juu wameupaka nyeupe wakauita wingu, chini wameupaka kijani wakauita kichaka. Walibana matumizi, maana gemu nzima iliyotoka Septemba 1985, steji zote 32, muziki na kila kitu, ina kilobaiti 40. Picha moja ya "Ijumaa Karim" anayonitumia shangazi kila wiki ni nzito kuliko Mario nzima.

Nimefika 5-3, yaani dunia ya tano, steji ya tatu. Umeme ukakatika. Na mashine hii haina memori ya kukumbuka lolote, ukizima umezima. Nimekaa gizani na padi mkononi nikicheka, maana ndivyo ilivyokuwa pia Ngamiani, tofauti ni kwamba pale kulikuwa na mtu wa kudaiana naye shilingi 50.

2 Februari

NIMEMALIZA MARIO.

Kwanza ungamo. Mpwa wangu, ambaye sheria ya YouTube inanihusu mimi na siyo yeye, aliniambia kitu bila kuulizwa: ukifa roho zote tatu na kurudi kwenye skrini ya mwanzo, shikilia A halafu bonyeza Start. Unaanzia kwenye dunia ile uliyofia, siyo 1-1. Nilinyamaza kama dakika nzima. Nilikuwa nahesabu shilingi 50 zangu. Hela ya andazi, hela ya kutumwa dukani, ile iliyonitandikisha bakora siku ya Maulidi. Zote zilikwenda kwenye kurudia 1-1, na jibu lilikuwa kwenye padi hiyo hiyo, vidole viwili.

8-4 ni kasri la mabomba, ukiingia bomba lisilo lake unarudishwa nyuma, na hakuna anayekuambia. Nimezunguka humo usiku mbili. Nilipomwangusha yule joka mwenye nyundo nilipiga ukelele, mke wangu akauliza kutoka chumbani nani kafunga.

Sasa mwisho wenyewe. Binti mfalme amesimama. Maandishi yanasema asante Mario, safari yako imekwisha, tunakupa safari mpya. Basi. Ukibonyeza B unaanza tena, na safari hii vile vijidudu vya uyoga vimegeuzwa kobe weusi wasiodhurika kwa moto.

"Ndiyo hivyo tu?" mpwa wangu akauliza.

Ndiyo hivyo tu. Nimeupiga mstari kwenye karatasi mara tatu, mpaka ikachanika kidogo.

16 Februari

Kontra. Hapa lazima nimtaje kaka mmoja wa pale bandani, bila jina, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ile kodi ya roho 30. Gemu inakupa roho tatu, na risasi moja tu inakuua. Yeye alikuwa akianza anaugeukia ukuta, padi anaiingiza ndani ya shati, tunasikia tu ka-ka, ka-ka, halafu nyingine zikifuatana, halafu anageuka ana roho 30 na anatuambia amezaliwa nazo. Niliipata kwa masikio. Nilihesabu milio kumi kabla ya Start, mbili za pamoja, mbili za pamoja, nne za kupishana, mbili za upande mwingine. Kisha nikakaa wiki nzima nikijaribu kila siku kwa zamu yangu, mpaka siku moja: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A.

Aliyeitunga aliitwa Kazuhisa Hashimoto, wa Konami, kampuni iliyotengeneza Kontra. Alikuwa anaihamishia gemu yao nyingine, Gradius, kwenye Famicom, 1986, gemu ikamshinda kwa ugumu wakati wa kuijaribu, akajiwekea mlango wa nyuma. Ukasahaulika ndani. Kwa hiyo hata mtengenezaji alikuwa anakufa kama sisi. Nimempenda kwa hilo.

Tumecheza wawili. Pale kwenye maporomoko ya maji ndipo ninapokumbuka ngumi zote za utotoni zilikuwa zinaanzia. Skrini inapanda juu, na aliye mbele akikimbia sana, aliye chini skrini inamwacha anakufa. Mpwa wangu ameniua hivyo mara nne. Mara ya tano nikamwambia kwa upole kwamba hii ni nyumba yangu.

Tumemaliza saa tano usiku. Moyo mkubwa umepasuka, helikopta imeondoka, kisiwa kimelipuka. Majina yakapita. Nilitamani yule kaka angekuwepo, nimwonyeshe kwamba baada ya roho zake 30 kulikuwa na helikopta. Yeye alikuwa haishii mbali, mwenye banda alikuwa anamzimia kwa sababu benchi limejaa.

9 Machi

Ramadhani. Mradi umelala. Baada ya tarawehe nina nguvu ya kutazama dari tu.

6 Aprili

Sikukuu imepita, nimenunua PS2. Ya pili mkono, Kariakoo tena, lenzi imebadilishwa, nimeichagua baada ya kulazimisha isome CD mbele yangu mara tatu. Hii ndiyo mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 150 tangu Machi 2000, na naamini sehemu kubwa ya zilizofika kwetu ziliishia kwenye mabanda, kila moja ikilea watoto mia.

Imekuja na memori ya mtu. Kadi ndogo nyeusi ya megabaiti 8, imebandikwa plasta na kuandikwa kwa kalamu "USIFUTE". Nimeifungua kwa adabu, kama mtu anayefungua droo ya marehemu. Kuna ligi ya Winning Eleven, ile gemu ya mpira. Kuna mbio za magari. Na kuna San Andreas moja.

Nimeingia ndani yake. CJ, yule jamaa unayemchezesha, kanenepa kwa misuli, amevaa kofia ya kauboi, ana kila silaha, pesa hazihesabiki. Nimefungua takwimu: siku 212 zimepita ndani ya gemu. Siku moja ya mle ni dakika 24 za huku kwetu, kwa hiyo huyu ndugu kakaa karibu saa 85 mbele ya TV. Halafu nikatazama misheni ya mwisho aliyofaulu. Ni ile inayoitwa Ryder. Ya pili toka mwanzo!

Saa 85, misheni mbili. Nilihisi nimekutana na mtu wa kwetu.

Kadi imejaa, na San Andreas yangu inahitaji nafasi. Nimekwenda kununua kadi nyingine, elfu 10. Yake nimeirudisha kwenye kiboksi na plasta yake.

20 Aprili

PS2 inacheza CD za PS1, kwa hiyo Tekken 3 sikuihitajia mashine nyingine. Nilichosahau ni kwamba kadi ya PS2 haipokei gemu za PS1. Nimefungua wapiganaji usiku mzima, asubuhi nikakuta hakuna hata mmoja, ndipo nikakumbuka kadi za kijivu za bandani. Haya, nimeanza upya.

Nalisema hili kwa uchungu: kuimaliza na mpiganaji mmoja hakuchukui hata nusu saa. Mapambano kumi. Bandani hatukuwahi kucheza peke yetu, ilikuwa anayepigwa anatoka, na Eddy, mpiganaji wa mateke, alipigwa marufuku kwa tangazo la chaki kwa sababu mtoto yeyote akiponda vitufe vya teke anaonekana bingwa. Hivyo Ogre, bosi wa mwisho, nimemwona leo kwa mara ya kwanza. Unampiga, anageuka zimwi zima linalotema moto. Miaka yote alikuwa amekaa kule nyuma ananisubiri, na sisi tunagombania zamu mlangoni kwake.

Nimempiga kwa Eddy. Hakuna chaki hapa.

31 Mei

San Andreas, mwezi wa pili. Sijaandika kwa sababu nacheza.

Bandani kodi zilikuwa zimeandikwa ukutani kwa maka peni, kubwa kuliko bei ya soda. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: afya, fulana ya risasi na dola 250,000. Watoto wa Ngamiani walioshindwa na jedwali la saba walikuwa na mistari ishirini ya hizo kichwani. Na kilichofuata ni kimoja: kuita kifaru, kupiga raia, kusubiri nyota sita za kusakwa na polisi, kufa, muda umeisha.

Sinema za katikati tulikuwa tunazikata. Dakika zinakwenda, nani akae kusikiliza watu wanaongea? Bonyeza X. Kwa hiyo nimekaa mwezi uliopita kwenye kiti changu, chai pembeni, sijabonyeza X, na ndani ya dakika za mwanzo kabisa nikajua kitu ambacho sikuwa nakijua kwa miaka ishirini. CJ karudi nyumbani kumzika mama yake. Ndiyo sababu yuko pale. Gemu inaanza na msiba.

Namba za kuita ndege nilikuwa nazijua kwa moyo. Kwamba jamaa ana msiba, sikujua.

Nimesimamisha nikamwambia mke wangu. Akasema, "Hukuwahi kusikiliza?" Nikamweleza habari ya dakika kumi kwa mia. Akasema hiyo siyo sababu, lakini aliendelea kukaa, akatazama mazishi mpaka mwisho.

Misheni ya treni imeniweka siku sita. Unaendesha pikipiki kandokando ya treni, mwenzio yuko nyuma anawapiga risasi walio juu, na ukikosa anakulaumu wewe. Kodi ruksa kwa sheria yangu mwenyewe, lakini za kuwavuruga raia nimeziogopa. Mtu akihifadhi gemu huku raia wamevurugwa, mbele kuna misheni ya msanii aliyesimama juu ya paa ambayo haifanyiki tena, anaruka kabla hujafika chini na gari. Jiulize ni wangapi waliharibu gemu zao hivyo wakadhani CD ina mikwaruzo.

28 Juni

Nimeimaliza. Aliyetusaliti sitamtaja, ingawa dunia nzima ilishajua isipokuwa mimi. Majina ya mwisho yalipita marefu na nimeyasoma yote. Karatasi imebaki na mstari mmoja.

Siku mbili sikujua la kufanya na jioni zangu.

9 Agosti

Shemeji amesafiri, ametuachia PS5 yake kwa wiki mbili. Mashine nyeupe, ndefu, imesimama kama kanzu iliyopigwa pasi. Inasema ina gigabaiti 825, za kutumia wewe ni 667, na gemu moja inaweza kubeba mia nzima. Jioni ya kwanza hatukucheza. Ilikuwa inajisasisha. Bando la mwezi limekwenda kabla mpira haujaguswa, na mimi niliyezoea kuchomeka kaseti na kuanza nimetazama mstari wa buluu ukitambaa mpaka usingizi ukanichukua.

Mpwa wangu alitaka mstari wa tano uwe mpira. Tumecheza. Ni mzuri, nyasi unaziona moja moja, jasho kwenye jezi. Ana timu yake, anakusanya kadi za wachezaji, kila wiki kuna changamoto mpya, ukikosa wiki umeachwa.

Nikamuuliza: "Na hii yako inaishaje?"

Akafikiri. "Haiishi, mjomba. Mwakani inatoka nyingine, unaanza upya."

"Na kadi zako?"

"Zinabaki kwenye ya zamani."

Tukanyamaza wote wawili. Nimeikataa isiingie kwenye karatasi. Zangu sikuzimaliza kwa kukosa hela. Hii wameipanga isimalizike hata ukiwa nazo, na sioni kwa nini nijitie kwenye mbio hizo uzeeni.

17 Agosti

Amenitafutia nyingine, Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Mtengenezaji wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na baba yake, akaitengeneza kutokana na huzuni hiyo. Kijana Zau, mganga, anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, wapatane: mrudishe Baba. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na unavibadili katikati ya pambano kama mcheza ngoma.

Mpwa wangu akaingia kwenye mipangilio ya sauti, akachagua Kiswahili.

Sikuwa nimejiandaa. Toka Mario mpaka CJ, gemu zote zimesema nami kwa lugha ya watu, na nyingine hata sikujua zinasema nini, nabonyeza tu. Sasa mtu wa kwenye skrini anaita Baba, na siyo maandishi, ni sauti. Mke wangu akatoa kichwa jikoni akauliza nani kaja. Nikamwambia ni gemu. Akaja na mwiko mkononi akasimama nyuma ya kochi, hakuondoka mpaka vitunguu vikaungua.

Lafudhi wanayo yao, mara nyingine maneno yamekaa kivitabu. Sikujali. Sijakata sinema hata moja.

22 Agosti

Shemeji amerudi mapema. Anakuja kesho saa nne kuchukua mashine.

Nimecheza mpaka saa nane usiku. Nimekufa sana, vidole vyangu ni vya vitufe viwili na padi hii ina kumi na kitu. Kalunga bado yuko mbele yangu, nadhani nimebakiza kipande kidogo, mpwa wangu anasema saa moja, labda na nusu. Macho yamekataa. Nimehifadhi, nikazima.

Nimemwandikia shemeji kwamba ndani kuna gemu yangu, naomba asiifute. Akajibu kwa kidole gumba. Sikuridhika. Nimekata kipande cha plasta, nimechukua kalamu, na sasa natafuta mahali pa kukibandika kwenye hilo kanzu lake jeupe asione haraka.